Keki ya Majibu Sahihi

Jumatatu, 6 Machi

Hamna haya, nyinyi watu wa chuo! Nawaandikia humu daftarini mwangu kwa sababu simu yenu inapokelewa na mashine, na mimi sigombani na mashine. Mjukuu wangu Raelene mmemkalisha nyuma ya darasa tangu majani yalipopukutika, anatazama watoto wa watu wakipenga kamasi. Mnaita kutazama darasa. Kutazama! Mimi nimetazama mvua ya bonde hili maisha yangu yote. Nani aliniita mtaalamu wa mvua?

Miaka miwili wanasoma hapo chuo cha jamii, ng'ambo ya mlima, bei ya watu kama sisi. Halafu miwili tena chuo kikuu. Ndipo mtu aitwe mwalimu. Na hapo chuoni wanafundishana wao kwa wao. Watu wazima wanakaa kwenye viti vya watoto, wanajifanya wana miaka sita. Yumo mmoja, Denver, alikuwa mchimba makaa mpaka mgodi ulipofungwa. Ndevu hadi kifuani. Wiki iliyopita alinyoosha mkono akamwomba Raelene ruhusa ya kwenda chooni. Raelene akapewa alama kwa namna alivyomjibu. Alama ya choo!

Ningecheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekwa. Mwalimu wa darasa la wadogo hapa bondeni anaacha kazi Juni. Mgeni hataki kuja huku, na sisemi ana kosa. Raelene akifaulu somo la mwezi huu, atashika darasa kama mwalimu msaidizi huku anamalizia masomo. Asipofaulu, shule inafungwa, watoto wanapandishwa basi kuvuka mlima. Mlima ule naujua. Ulinirudishia mwanangu, baba yake Raelene, ndani ya sanduku.

Mkufunzi atakuja Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe kumi na sita, akae nyuma amtazame anavyofundisha. Nimeshaamua. Hafeli mtu wa nyumba hii. Raelene sijamwambia. Msaada ukitangazwa unachacha.

Jumanne, 7 Machi

Raelene amefanya mazoezi jikoni. Mwanafunzi alikuwa mbwa. Kapanga mezani mfuko wa unga, kopo la chumvi na pakiti ya maharage, ndizo zana zake za kufundishia. Eti watoto wa hapa waanze kusoma vitu walivyonavyo kabatini. Kamwinulia mbwa mfuko, kamuuliza hapa pameandikwa nini. Halafu kanyamaza. Kasubiri! Halafu kauliza: Umejuaje? Mbwa kalala.

Mimi niko kwenye sinki, nasugua sufuria ileile mpaka karibu itoboke. Nimeshika yote. Unga, chumvi, maharage. Kichwa hiki kiliishia darasa la nne lakini hakivuji.

Nilimwambia hakuna anayemlipa mwalimu anyamaze. Akasema, Bibi, kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Nilicheka mpaka kifua kikabana.

Akasema pia kwamba mfuko wa unga atashika Dessie. Dessie! Mtoto anayekaa na shangazi yake pale juu, tangu vidonge vya kulevya vilipompeleka mama yake gerezani. Anarudia darasa la pili na bado hajui kusoma hata jina la mbwa. Raelene anasema andalio lote la somo amelijenga juu ya Dessie. Nikamuuliza nani mwenye akili hujenga nyumba juu ya tope. Aliendelea kukata karatasi zake, lakini mkasi ulibadilika sauti.

Jumatano, 8 Machi

Chakula cha watoto kanisani, chumba cha chini. Mimi ndiye mpakuaji. Maharage na mkate wa mahindi, kama kila Jumatano. Lakini leo nilibeba na keki ya tabaka, ya matofaa makavu. Tabaka saba! Mkono mtupu haulambwi.

Wilma Ruth Fugate akaiona. Huyu ni jirani yangu ng'ambo ya kijito, mpishi wa shule, ndiye aliyewaambia waumini wote kwamba tabaka zangu ni nyembamba kama karatasi za Biblia. Akauliza nani anaolewa, maana keki ile haiokwi hivihivi. Nikamwambia ni yeye, kama atapatikana kipofu. Akasema vipofu wote wa bonde hili nilishawamaliza mimi. Mshenzi yule.

Alipoondoka nikawapanga watoto mstari. Kanuni moja tu. Jibu sahihi, kipande cha keki. Nikainua mfuko: Unga! Nikainua kopo: Chumvi! Maharage! Walikuwa wanaimba kama kwaya. Mjukuu wa mchungaji, Emmitt, alijibu kabla sijafungua mdomo. Mtoto wa maana yule, atafika mbali.

Dessie akaukodolea macho mfuko. Akasema ni picha ya ngano. Nikamwambia sikuuliza picha. Akasogeza kidole kwenye maandishi, midomo inacheza, hakuna kilichotoka. Wenzake wakaanza kusukumana. Nikamwambia apishe.

Hakupata keki. Kanuni ni kanuni. Alikwenda kuosha sahani yake kwenye sinki. Ilikuwa safi.

Jumapili, 12 Machi

Baada ya ibada nimewarudisha tena chini. Wote wanajua. Hata wakiamshwa usingizini watajibu. Wote, ila mmoja.

Wilma Ruth ameanza kunusa. Anasema watoto hawali tena chakula chake cha shule, wanamwambia wanatunza nafasi tumboni kwa ajili ya Bibi Orlena. Akaniuliza ninawafundisha nini kule chini. Nikasema Neno la Mungu. Akasema naona siku hizi Neno linawekwa sukari.

Sasa Dessie. Nimewaza mahubiri mazima, sikusikia hata andiko. Jino bovu hung'olewa kabla ya kupiga picha. Mkufunzi akija aone meno meupe tu. Mtoto mwenyewe itamfaa. Kuna haja gani aaibike mbele ya mgeni? Mimi ninamwokoa.

Alhamisi, 16 Machi, asubuhi

Siku yenyewe. Theluji kidogo, lakini shule haikufungwa. Mungu yuko upande wetu.

Nilimkuta Dessie kando ya barabara mapema. Kachana nywele mwenyewe, njia imepinda kama kijito. Kafunga utepe mwekundu, ule unaokuja kwenye vifurushi vya Krismasi. Nikamshika paji la uso. Nikamwambia, mtoto, unaungua. Akasema hasikii joto. Nikamwambia mwenye homa huwa hasikii. Akasema leo yeye ndiye anashika mfuko. Nikamwambia mfuko una mikono mingi.

Yuko hapa jikoni sasa, anamenya viazi. Kila mara ananiuliza kama huko shuleni wameshafika kwenye unga. Nikamwambia unga haukimbii. Anajigusa paji la uso. Anabadilisha mkono, anajigusa tena.

Alhamisi hiyohiyo, jioni

Balaa! Balaa tupu!

Habari nimeletewa na Wilma Ruth. Alikuwa mlangoni mwa darasa na kreti ya maziwa, akaona yote, na alivuka kijito mbiombio na magoti yale mabovu ili anisimulie akiwa moto.

Raelene kainua mfuko, hajauliza, darasa zima: Unga! Kaenda kwenye kikapu, mkono bado umo ndani: Chumvi! Raelene akashtuka. Akaona abadilishe. Akatoa kopo la kahawa kwenye meza ya mwalimu. Wakapiga kelele: Maharage! Maana maharage ndiyo yalikuwa ya tatu. Akawaonyesha tena kopo, taratibu, pole pole. Maharage! Wakatazama mlango kama kuna sahani inakuja.

Ndipo Raelene akamuuliza Emmitt: Umejuaje? Emmitt akasimama vizuri, mikono nyuma, kama nilivyomfundisha. Akasema: Keki.

Wilma Ruth anasema alicheka mpaka akaweka kreti chini. Mkufunzi, Bi. Halcomb, hakucheka. Aliuliza kile kiti kitupu ni cha nani. Emmitt yuleyule, aliyetupita barabarani asubuhi, mdomo wake ushonwe, akajibu: Ni cha Dessie, Bibi Orlena kamficha asiharibu.

Bi. Halcomb akamwita Raelene kando. Akamwambia hakuvuka mlima kuja kusikia majibu sahihi. Alikuja kuona mwalimu hufanya nini mtoto asipojua. Na leo hakukuwa na mtoto asiyejua. Yupo mmoja, naye kafichwa. Kwa hiyo hana cha kumpa alama.

Raelene aliingia jikoni saa ileile Wilma Ruth anafuta machozi. Akamwona Dessie na kisu cha viazi na ule utepe. Nilijiandaa anipigie kelele. Nilikuwa na majibu. Hakupiga. Alimshika Dessie paji la uso, akaacha mkono pale muda mrefu, kisha akamshika mkono akampeleka kwao. Akarudi kuchukua blanketi. Amesema atalala mjini kwa mwenzake wa chuo. Mbwa alimfuata mpaka darajani, akarudi peke yake.

Viazi vyote vimemenywa. Nani atakula viazi vyote hivi?

Jumamosi, 18 Machi

Nyumba kimya. Nimekaa kutafakari tulipokosea. Ni Emmitt. Mropokaji. Ukoo wote wa mchungaji ni hivyo, hawawezi kukaa na kitu bila kukihubiri.

Wilma Ruth kaleta keki ya pole. Tabaka tisa! Amezihesabu mbele yangu kwa kidole. Akaniambia, mwenzangu, mambo haya humpata yeyote mwenye nia njema na akili kidogo. Nilimshukuru. Nimempa mbwa tabaka nne.

Shangazi yake Dessie kapita. Anasema mtoto hataki kwenda shule. Kila asubuhi anasema ana homa. Amempima, hana. Anaambiwa hana, anasema mwenye homa huwa hasikii. Shangazi akaniuliza kauli hiyo kaitoa wapi. Nikamwambia watoto husikia mambo barabarani. Nikamwambia pia homa nyingine zinakaa ndani.

Jumanne, 21 Machi

Nimekwenda chuoni mwenyewe. Kofia ya mazishi. Pikapu ya marehemu mume wangu, kipasha joto kilikufa kabla yake. Mlima mzima nilikuwa napanga maneno. Yalikuwa makali, hata mimi yalinitisha.

Nilitegemea mwanamke wa viatu virefu. Kumbe Bi. Halcomb anavaa viatu vya matope kama mimi! Kazaliwa bonde la nyuma yetu, baba yake alichimba makaa zamu moja na mume wangu, na mapafu yao yaliisha mwaka uleule. Huyo ndiye wa kumnyima mjukuu wangu alama? Nilipofungua mdomo akasema, karibu Mama Orlena, tuko katikati ya somo, kaa. Kiti kilichobaki kilikuwa cha mtoto. Nikakaa. Magoti yakagusana na masikio.

Raelene alikuwemo. Aliponiona akageukia dirisha.

Aliyesimama mbele ni Denver wa ndevu. Ameleta mikate miwili ya mahindi kwenye vikaango, anafundisha kugawa. Akauliza watoto, yaani sisi, kipi kikubwa, theluthi ya mkate au robo. Wote kimya, wanajifanya wajinga. Nikasema kwa sauti: Robo! Nne si inazidi tatu?

Shingo zote zikageuka.

Nilisubiri wacheke. Kicheko hicho nakijua, nilishakisikia darasa la nne. Mwalimu alianza, darasa likamalizia, nikaondoka kwenda kuchunga kuku na sikurudi. Nilishika mkoba wangu tayari.

Denver hakucheka. Akaja, akachuchumaa mbele yangu, magoti yanalia kama mlango wa ghala. Akauliza: Umejuaje, Bibi? Nionyeshe. Akaniwekea mikate yote miwili na kisu. Halafu akasubiri. Hakuangalia saa. Alisubiri kama watu wanaosubiri mdomoni mwa mgodi, wale wa ndani bado hawajatoka.

Nikakata nne. Mkate mwingine nikakata tatu. Nikaviweka vipande kimoja kando ya kingine.

Theluthi.

Macho yangu yakaingia vumbi la chaki. Siku hizi hawatumii chaki, lakini liliingia.

Bi. Halcomb akaniuliza mbele ya wote Denver amenifanyia nini. Nikamwambia ukweli: Hakuna! Kazi yote nimefanya mimi, yeye kachuchumaa tu! Akasema, ndiyo, Mama. Taratibu sana. Na wote wakaandika. Sijui waliandika nini, sikuwa nimesema la maana.

Baadaye akanieleza. Raelene anapewa nafasi moja nyingine, Ijumaa tarehe thelathini na moja. Hakuna ya tatu. Sharti ni kwamba Dessie awemo kwenye kiti chake. Akitaka yeye mwenyewe kuja, si kwa kuburutwa.

Nimeshinda! Sijatukana mtu na nimeshinda!

Raelene alinifuata mpaka kwenye pikapu. Alinifunga kifungo cha koti, kile cha juu kinachonishinda.

Jumapili, 26 Machi

Raelene amerudi. Anasema amerudi kwa ajili ya mbwa.

Kila jioni anabeba mfuko wa unga, anakwenda kwa akina Dessie, anakaa ngazi ya chini kabisa. Dessie anakaa ya juu, mgongo mlangoni. Hawaongei. Shangazi anasema Raelene anaweka mfuko kati yao na kunyamaza. Baridi hii! Nilimwambia amwendee na keki. Aliniangalia namna ambayo sijaangaliwa tangu mume wangu afe.

Jana Dessie aliteremka ngazi moja. Raelene alirudi mikono imekufa ganzi, anatabasamu peke yake kwenye jiko la makaa. Kwa ngazi moja! Kwa mwendo huu atamfikia mwaka wa sensa.

Kanisani mchungaji katangaza kwamba watu wa wilaya wamekuja kupima jengo la shule. Walikuwa na kamba na kofia ngumu. Hakuna anayepima nyumba anayotaka kuiacha kama ilivyo. Wilma Ruth hakunitania. Alikaa benchi langu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi yake, na tuliimba wimbo mzima kwa kitabu kimoja.

Jumatano, 29 Machi

Nimeponea chupuchupu! Naandika mikono bado ina unga.

Raelene yuko chuoni. Nakanda mkate, mlango ukagongwa. Dessie! Peke yake, kavaa koti la shangazi. Anamtafuta Raelene. Nikamwambia aingie, afunge mlango, hatupashi bonde zima joto.

Akasimama mbele ya meza. Akaangalia mfuko. Muda mrefu. Nilitaka kumharakisha, lakini mkono ulikuwa ndani ya donge. Akaweka kidole. Midomo ikacheza kama siku ile. Akasema: Unga.

Nikamwambia umeona picha ya ngano. Akaugeuza mfuko nyuma, pasipo na picha yoyote. Kidole kikatambaa kama mdudu kwenye ukuta. Akasema: Hifadhi. Akapumua. Mahali. Akapumua. Pakavu.

Akaniangalia akacheka. Jino la mbele halipo. Sikuwahi kujua kama halipo, sikuwahi kumwona anacheka.

Na mimi damu ikaganda! Keshokutwa ndiyo Ijumaa! Mkufunzi anakuja kuona mtoto asiyejua. Sharti lake ni hilo, nimelisikia kwa masikio yangu. Dessie akijua, nani hatajua? Raelene ataonyesha nini? Shule yote imening'inia juu ya ujinga wa mtoto huyu, naye anautupa hovyo jikoni kwangu!

Nikamziba mdomo na mkono wenye unga. Nikamwambia hapana, hapana, si sasa. Mpaka Ijumaa ipite wewe hujui. Akauliza chini ya kiganja changu asijue mpaka lini. Nikamwambia mpaka yule mama aondoke. Akauliza na Raelene naye asimwambie? Nikasema hasa Raelene. Ni siri ya kumsaidia.

Nilipoondoa mkono, vidole vyangu vilikuwa vimebaki shavuni pake, vyeupe. Hakuvifuta. Akasema anahisi ana joto. Nikamshika paji la uso. Hana kitu. Akatoka, nikamwona anapanda kilima taratibu, koti linaburuza. Utepe hakufunga leo.

Sasa kazi. Leo ni chakula cha watoto kanisani, na safari hii sikosei. Nimeelewa vizuri sana walichonifundisha chuoni: wanataka wasiojua. Watapata! Keki ya tabaka kumi iko kwenye oveni, Wilma Ruth apasuke. Jibu la makosa, kipande. Jibu sahihi, hakuna kitu. Emmitt ataonyeshwa chumvi, aseme kahawa. Akiulizwa umejuaje, aseme hajui, na akithubutu kutaja keki nitamwambia babu yake nani alikojoa kwenye maji ya ubatizo.

Agizo kwa kila mtu wa nyumba hii mpaka Ijumaa jioni: Dessie asionyeshwe kitu chochote chenye maandishi. Mfuko wa unga nimeshaugeuza ndani nje. Kopo la chumvi liko chini ya kitanda changu, lisiguswe. Bandueni kalenda ukutani. Na ile Biblia mezani, ifungeni.